Rabat sisi ndio tulikuwa Namungo

Tangu Januari 4, 2026, kaa kijiwe chochote cha Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, mazungumzo ya waamuzi hayaishi bila Rabat kutajwa. Taifa Stars ilikuwa imevuka makundi ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa pointi 2 za sare na Uganda na Tunisia, ikakutana na Morocco nyumbani kwao. Brahim Díaz akafunga dakika ya 64. Katika dakika za nyongeza Iddi Nado akaenda chini ndani ya boksi wakigombea mpira na Adam Masina, mwamuzi Boubou Traoré wa Mali akaonesha mpira uendelee, chumba cha VAR, yaani waamuzi wa video, kikanyamaza, safari yetu ikaishia pale kwa 1-0. Nchi nzima ikasema neno moja: tumeonewa.

Nakubali tulionewa, au angalau tulistahili mwamuzi asogee kwenye runinga ya pembeni akatazame marudio. Ninachokataa ni fundisho tulilorudi nalo nyumbani. Wengi wetu tumebaki na mawili: kwamba nchi za kaskazini mwa Afrika zina mkono ndani ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, na kwamba dawa ya ligi yetu ni VAR. Yote mawili yanatuondolea sisi wenyewe lawama, na ndiyo maana yanapendwa. Kilichotupata Rabat kinatokea kwenye Ligi Kuu yetu msimu hadi msimu. Wanaofanyiwa ni klabu ndogo: Namungo, Mashujaa, Tanzania Prisons, Coastal Union. Wanaonufaika ni Simba na Yanga, yaani timu ambazo wengi wetu tunazishangilia. Na katika matukio mengi hakuna bahasha yoyote iliyopita chini ya meza. Mwamuzi anaelemewa na presha, presha hiyo kwa sehemu kubwa tunaitengeneza sisi mashabiki, na wasimamizi wa mpira wanaiacha inenepe kwa kutotoa maelezo. Ndiyo hoja yangu, na najua haitawafurahisha wa Msimbazi (Simba) wala wa Jangwani (Yanga).

Hasira dhidi ya waamuzi si jambo geni jijini hapa. Machi 2012 wachezaji wa Yanga walimvamia mwamuzi Israel Nkongo katika mechi dhidi ya Azam, tukio lililoacha aibu kubwa. Oktoba 1, 2016, kwenye uwanja ambao leo tunauita Benjamin Mkapa, Amissi Tambwe aliifungia Yanga bao ambalo Simba walilalamika kuwa aliuweka mpira sawa kwa mkono. Mwamuzi Martin Saanya akalikubali, Jonas Mkude akalimwa kadi nyekundu katika zogo lililofuata, na upande wa mashabiki wa Simba viti vikaanza kung'olewa na kurushwa. Shiza Kichuya alisawazisha kwa kona iliyozama moja kwa moja wavuni, mechi ikaisha 1-1, lakini viti vilikuwa vimeshavunjwa, zaidi ya elfu moja, na Serikali ikazizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja ule. Tulijadili viti kwa wiki nyingi: nani alipe, nani afungiwe, mapato yazuiwe kiasi gani. Swali la msingi, kwamba mwamuzi na msaidizi wake walikuwa wamesimama wapi na waliona nini, halikupewa hata robo ya muda huo. Kisha tukafika mbali zaidi. Machi 7, 2025 Simba walizuiwa kuingia Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, wakatangaza hawatacheza, dabi yao na Yanga ya Machi 8 ikaahirishwa, na ilipochezwa Juni 25 waamuzi waliletwa kutoka Misri. Yanga ikashinda 2-0. Nchi yenye waamuzi wenye beji ya FIFA, nchi ambayo Jonesia Rukyaa alishika filimbi ya dabi hiyohiyo mwaka 2016, iliona hakuna Mtanzania hata mmoja anayeweza kuaminiwa na pande zote kwa dakika 90.

Tuanze na presha yenyewe, maana hapa ndipo tunapoidharau. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio jepesi sana. Walichukua waamuzi 40 wenye sifa, wakawaonesha matukio ya mechi moja iliyochezwa Anfield na kuwaomba waseme ipi ni faulo na ipi si faulo. Kundi moja lilitazama likisikia kelele za uwanja, jingine likatazama kimya kimya. Waliosikia kelele walitoa faulo pungufu kwa takriban asilimia 15 dhidi ya timu ya nyumbani. Tukio ni lilelile, picha ni ileile, hakuna aliyepewa senti wala aliyetishwa. Masikio peke yake yalitosha kuubadilisha uamuzi. Wachumi waliochunguza ligi ya Hispania nao wakakuta jambo linalofanana na hilo kwenye dakika za nyongeza: mwenyeji akiwa nyuma kwa bao moja, mwamuzi aliongeza muda unaokaribia mara mbili ya ule aliouongeza mwenyeji akiwa mbele kwa bao moja. Kisha likaja janga la Uviko, Ulaya ikacheza kwenye viwanja vitupu, na tafiti kadhaa zikaonesha tofauti ya kadi kati ya wageni na wenyeji ikipungua. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba mwamuzi mwaminifu kabisa, aliyelala usingizi mzuri na asiye na deni kwa mtu, anaweza kuibeba timu bila yeye mwenyewe kujua.

Sasa lete ushahidi huo Tanzania. Katika nchi nyingi kelele za mashabiki humsaidia mwenyeji, na kwa kuwa kila timu ni mwenyeji nusu ya msimu, mambo hukaribia kulingana. Kwetu haiko hivyo. Simba na Yanga ni wenyeji kila mahali. Wakienda Sokoine Mbeya, Lake Tanganyika Kigoma, Mkwakwani Tanga au Majaliwa kule Ruangwa, jukwaa linageuka jekundu au njano na kijani kabla wachezaji hawajashuka kwenye basi. Wenye uwanja wanabaki na kona yao moja. Kuna klabu ndogo ambazo, kwa kuhitaji mapato ya mlangoni, huhamishia mechi yao ya nyumbani kwenye uwanja mkubwa wa mji mwingine, na hapo hata ile kona inapotea. Kwa hiyo Namungo akicheza na Yanga hucheza ugenini mara mbili kwa msimu. Sioni ligi ambayo upendeleo wa kelele unaweza kujikusanya upande mmoja kwa urahisi zaidi kuliko hii yetu.

Mtu asiyekaa karibu na mstari hawezi kuelewa kelele hizo zikoje. Uwanja wa KMC pale Mwenge ni mdogo, mashabiki wapo hatua chache tu kutoka kwa mshika kibendera. Jioni moja KMC walikuwa wenyeji wa mmoja wa wakubwa hawa, nikakaa safu za chini. Kijana wa kibendera aliwapa KMC mpira wa kurusha, uamuzi usio na uzito wowote, nyuma yake watu wakaanza. Mmoja alimwita kwa jina lake, akataja mtaa anaokaa, akamwambia, "Dogo, tunajua unapopita." Wengine wakamshukia mama yake. Shingo ya yule kijana ilikakamaa, hakugeuka. Muda si mrefu mshambuliaji wa timu kubwa akatokea nyuma ya beki wa mwisho, mtu wa kuotea kwa macho ya wengi tuliokuwa upande ule, na bendera ikapanda hadi usawa wa kiuno, ikasita, ikashuka. Bao halikuingia, hivyo hakuna aliyelizungumzia. Mimi nililiona, na ninaamini bendera ile ingekuwa imenyooka kama nyuma yake kungekuwa na ukuta wa zege.

Presha haiishii uwanjani. Mwamuzi anajua nini kitamfuata baada ya filimbi ya mwisho. Akikosea dhidi ya Dodoma Jiji, kocha wa Dodoma Jiji atalalamika mbele ya kamera kwa nusu dakika, yatakwisha. Akikosea dhidi ya Simba au Yanga, picha yake itakuwa kwenye kila simu kabla hajafika hotelini, wasemaji wa klabu watamtaja kwa jina, vipindi vya michezo vya redio vitamchambua kuanzia asubuhi hadi usiku, na Kamati ya Uendeshaji na Usimamizi wa Ligi, tunayoiita Kamati ya Saa 72, itakaa. Taarifa itatoka ikisema mwamuzi fulani ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri vyema sheria za mpira wa miguu. Nimesoma taarifa za aina hiyo nyingi, na zinafanana kama zimepigwa muhuri mmoja. Mara nyingi hazisemi ni sheria ipi kati ya 17, hazisemi mwamuzi alikuwa amesimama wapi wala alijitetea vipi, na hazisemi kama tukio la namna hiyohiyo kwenye mechi ya Pamba Jiji na Mashujaa lilichunguzwa kwa jicho lilelile. Kwa mwamuzi mwenye kazi nyingine ya kumlisha, ambaye posho ya mechi ni nyongeza anayoihitaji, somo linaeleweka haraka: kuna makosa ya gharama na kuna makosa ya bure. Hahitaji kuambiwa na mtu aibebe timu kubwa. Inatosha akiwa na shaka aelekee upande ambao hautamletea matatizo.

Wapo watakaosema ninawatetea wala rushwa. Hoja yao ina uzito na sitaipuuza. Rushwa kwenye filimbi ipo, na Afrika tumeishuhudia. Novemba 2016 mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliipa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal kwa madai ya mkono, wakati mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini. FIFA ilimfungia maisha na kuamuru mechi irudiwe, na iliporudiwa Novemba 2017 Senegal ilishinda 2-0 na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la Urusi. Hapa jirani, mshika kibendera wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe hilohilo la 2018 alinaswa na kamera ya siri akipokea Dola 600, akajiondoa. Ujerumani nao walimfunga jela mwamuzi wao Robert Hoyzer kwa kupanga matokeo kwa ajili ya wacheza kamari. Kwa hiyo simwambii mtu aache kushuku. Ninachosema ni kwamba kesi zote hizo zilithibitishwa kwa ushahidi: rekodi za kamari, video, wahusika waliokiri. Sisi tunaanza na hukumu. Kila penalti yenye utata ni ya mchongo, kila kadi ni mbeleko, na ukiuliza ushahidi unaambiwa "kwani huoni?" Tabia hii inamlinda mla rushwa halisi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu anajificha katikati ya waamuzi kumi waliotukanwa bure. Na inatuzuia kuona jambo ambalo kashfa ya Italia ya mwaka 2006, ile iliyoishusha Juventus daraja na kuipokonya mataji, ilitufundisha vizuri: kiini chake kilikuwa mahusiano ya viongozi wa klabu na watu waliokuwa wakipanga waamuzi. Anayepanga mwamuzi yupi aende uwanja gani ana nguvu kuliko anayebeba bahasha. Nani kwetu anajua, mbali na walio ndani ya kamati, kwa nini mwamuzi fulani alipangiwa mechi fulani?

Hoja dhaifu kuliko zote, na inasemwa na watu wazima wanaoheshimika, ni kwamba makosa hujisawazisha. Leo umenyimwa, kesho utapewa, mwisho wa msimu hesabu inakaa sawa. Hili lingekuwa kweli kama makosa yangekuwa ya bahati, yanaangukia popote. Kosa linalosukumwa na presha halina bahati ndani yake, lina mwelekeo. Ukilirudia mara 30 halijisawazishi, linajikusanya. Tena hata kama idadi ingelingana, uzito haulingani. Bao la kuotea likikubaliwa dhidi ya Yanga mwezi Desemba, Yanga ina kikosi cha kushinda mechi nne zinazofuata. Penalti isiyokuwepo ikitolewa dhidi ya timu inayopigania kubaki, pointi ile moja inaweza kuwa ndiyo inayoitenganisha nafasi ya 12 na mchujo wa nafasi ya 13 na 14, au mchujo na kushuka moja kwa moja. Timu ikishuka, wachezaji wanaachwa, mji unapoteza mechi kubwa za mwaka, na mama anayeuza chakula nje ya uwanja anapoteza wateja wake. Anayesema hayo hujisawazisha huwa hajawahi kushangilia timu ya namna hiyo. Usiku ule wa Rabat tulikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Manzese. Jamaa mmoja, shabiki wa kutupwa wa moja ya hizi timu mbili, ambaye siku zote humwambia rafiki yake wa Mbeya "acheni kulialia, fungeni mabao," alikuwa amesimama juu ya benchi akimpigia kelele Traoré. Rafiki yake alimvuta shati, akamwambia taratibu, "Kaka, sasa umejua Sokoine huwa tunajisikiaje." Ninaona ilikuwa sentensi yenye maana kuliko saa zote za uchambuzi nilizosikiliza wiki ile.

Tuje kwenye VAR. Serikali ilishatangaza nafuu ya kodi kwa vifaa vyake katika bajeti ya 2024/25, na kila dabi ikikaribia wito wake huzidi. Siupingi. Lakini tuiangalie ilivyo. Sheria zinairuhusu kuingilia mambo machache tu, hasa mabao, penalti, kadi nyekundu, na mwamuzi kumwadhibu mchezaji asiye mhusika. Tena iingilie pale tu kosa linapokuwa la wazi kabisa, au tukio zito limempita mwamuzi bila kuliona. Uwazi huo nani anaupima? Mtu aliyekaa chumbani, mwenye ligi hiyohiyo, shirikisho hilohilo na simu hiyohiyo itakayojaa matusi. Rabat VAR ilikuwepo. Pretoria, Aprili 5, 2024, Yanga ilipocheza na Mamelodi Sundowns, VAR ilikuwepo: shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba, likadunda ndani ya mstari kwa macho ya Watanzania wote, mwamuzi Dahane Beida hakwenda hata kutazama, Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2 baada ya mechi zote mbili kuisha 0-0. Fainali ya AFCON ya Januari 18 VAR ndiyo iliyowapa wenyeji penalti dakika za mwisho, na Senegal wakatoka uwanjani kwa hasira kabla ya kurudi kumalizia. Mwaka 2019 fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Radès ilivunjika kwa sababu VAR haikuwa inafanya kazi na Wydad waligoma kuendelea baada ya bao lao kukataliwa. Kwa upande mwingine, bao la Steven Mukwala dhidi ya RS Berkane, fainali ya Kombe la Shirikisho pale Amaan Mei 2025, lilikataliwa baada ya VAR kukagua kuotea, na pamoja na uchungu wote, kuotea ni jambo la kupimwa kwa mstari. Hapo ndipo mashine inasaidia kweli: mstari wa goli, kuotea, nani kagusa mpira wa mwisho. Kwenye faulo ya boksi inampa binadamu nafasi ya pili ya kuamua, na presha inambana kama ilivyombana mwanzo.

Kuna njia ya katikati ambayo haizungumzwi hapa, nami naishangaa. Mwaka 2024 FIFA ilijaribu mfumo mwepesi wa msaada wa video kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 20 Colombia na lile la chini ya miaka 17 Jamhuri ya Dominika. Hakuna chumba cha waamuzi wa video. Kocha anapewa nafasi ya kuomba marudio mara mbili kwa mechi, mwamuzi mwenyewe anakwenda pembeni kutazama, na kocha akiwa sahihi nafasi yake haipotei. Mfumo huu umetengenezwa kwa mashindano yenye kamera chache, na ndiyo hali ya viwanja vyetu vingi vya mikoani. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba haki ya kuomba inakuwa mkononi mwa benchi la Namungo sawasawa na benchi la Simba. Kelele za jukwaa haziwezi kuongeza idadi ya maombi.

Na waamuzi wa nje? Kwa mechi moja ya dabi wanatuliza roho, basi. Mmisri hana mtaa unaojulikana Temeke, anapanda ndege usiku uleule. Lakini wiki inayofuata Mashujaa wanampokea mkubwa Kigoma, na hakuna atakayewaletea Mmisri.

Jambo ambalo lingebadilisha hali haraka kuliko mashine yoyote ni maelezo. Septemba 30, 2023, waamuzi wa video wa Uingereza walishindwa kulirudisha bao halali la Luis Díaz wa Liverpool dhidi ya Tottenham lililokataliwa uwanjani, kwa kutoelewana kipuuzi: walidhani uamuzi wa uwanjani ulikuwa bao, wakasema ukaguzi umekamilika, mpira ukaendelea. Liverpool ikalala 2-1. Ni kosa baya kuliko mengi tunayoyalalamikia hapa. Lakini chombo cha waamuzi kilikiri usiku uleule, na siku tatu baadaye sauti za mazungumzo ya chumba kile ziliwekwa hadharani, kila mtu akasikia mshtuko wao walipogundua. Hasira haikuisha, na haikupaswa kuisha. Uvumi ndio uliokosa pa kusimama, kwa sababu watu walisikia kwa masikio yao jinsi kosa lilivyotokea. Sisi tunaachiwa pengo, na pengo hilo linajazwa na msemaji wa klabu, ambaye kazi yake ni kuitetea klabu. Shabiki anayeamini Traoré alinunuliwa au Saanya alitumwa hana wazimu. Amenyimwa maelezo mengine yoyote.

Maelezo yangesaidia pia kuwatenganisha mashabiki wenye uchungu na watu wenye mikeka ya kamari. Hili ni jipya na tunalifumbia macho. Sehemu ya wanaomtukana mwamuzi siku hizi hawana timu uwanjani, wana mkeka uliochanika kwa sababu ya penalti ya dakika ya 88. Matusi yao ni makali, yanafika hadi kwa watoto wa mwamuzi, na yanachanganywa na sauti ya mashabiki halali kana kwamba ni kitu kimoja. Mtoto wa Mburahati anayependa mpira lakini hana kipaji cha kuucheza angeweza kuwa mwamuzi mzuri. Akiona wanavyoshughulikiwa, anachagua bodaboda. Kisha tunashangaa kwa nini waamuzi hodari ni wachache.

Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Safari hii kelele zitakuwa za kwetu, Mkapa itakuwa Rabat, na pengine atakuwepo kijana wa nchi ndogo anayesukumwa ndani ya boksi dakika za nyongeza mbele ya mwamuzi anayesikia watu 60,000. Kama tulichojifunza Januari ni kwamba waliotuonea walikuwa na pesa, tutalala usingizi mzito siku ile, kwa sababu sisi hatutakuwa tumemlipa mtu. Kama tumejifunza kwamba uwanja peke yake unatosha kuonea, basi kuna kazi ya kufanya kabla ya hapo, na ligi yetu ndiyo pa kuianzia. Bodi ya Ligi haihitaji fedha ya mfadhili kuandika taarifa inayotaja dakika ya tukio, sheria iliyohusika, alipokuwa amesimama mwamuzi, maelezo yake mwenyewe na sababu ya adhabu au ya kutoadhibiwa. Haihitaji kuagiza kitu nje ili kutangaza vigezo vya kumpangia mwamuzi mechi, wala kumuondoa kwenye upangaji mtu yeyote mwenye uhusiano na klabu. Picha za Azam TV zipo. Matokeo ya mechi yabaki kama yalivyo, sheria inasema uamuzi wa refa kuhusu tukio la mchezo ni wa mwisho na hakuna anayeomba ufutwe. Tunaomba tuambiwe. Na taarifa ya kwanza ya namna hiyo isihusu Simba wala Yanga. Ihusu mechi ya Ruangwa au Kigoma ambayo hakuna redio ya Dar es Salaam iliyoijadili, ili mwamuzi anayekwenda huko wiki inayofuata ajue kwamba kosa dhidi ya wenyeji nalo litasomwa.